Maiki Mbili za Kaka Usicheke

Kaka yangu mtaa mzima unamwita Usicheke. Jina lake la kuzaliwa lipo, limeandikwa kwenye vyeti, lakini ukienda kuliulizia watu watakutolea macho. Kazi yake ni kupiga picha za pasipoti na vitambulisho, na picha hizo hazitaki meno. Kwa hiyo miaka ishirini na miwili sasa, kutwa kucha, anakaa nyuma ya kamera na kuwaambia watu wazima wasicheke, na ajabu ni kwamba ukishaambiwa hivyo ndipo kicheko kinakushika.

Studio yake ni chumba kimoja. Kuna stuli, kuna shuka jeupe lililogongomewa ukutani, kuna taa mbili zinazokutoa jasho, na kuna koti moja la suti limepasuliwa mgongoni na kutiwa kamba, limkae mnene na mwembamba. Koti hilo nimelishona mimi, maana mimi ni fundi cherehani, na mpaka leo hajanipa hata ahsante.

Tabia yake moja lazima niiseme mapema. Akikwambia usogee kushoto, ni kushoto kwake yeye aliye nyuma ya kamera, si kwako. Ukisogea kushoto kwako anakasirika, anauliza kama ulisoma. Wateja wa zamani wamezoea, wanakwenda kinyume na wanachoambiwa na mambo yanakwisha. Wageni ndio wanaoteseka. Kwenye picha kubwa ya harusi yangu mimi na mume wangu tumeachana nafasi ya kupita baiskeli, kwa sababu yeye aliambiwa kulia, mimi nikaambiwa kushoto, na sote wawili tulikuwa watu watiifu. Picha hiyo iko sebuleni. Wageni wanauliza kama siku ile tulikuwa tumegombana.

Sasa nije kwa Mama. Mama haoni. Macho yalimwishia polepole, mwaka hadi mwaka, na kwa kuwa yaliisha polepole alipata muda wa kuihamishia nyumba yake yote masikioni. Akiketi kwenye kiti chake kibarazani, kushoto kwake kuna bomba linalodondoka kwenye pipa, na kulia kuna geti la bati lenye mlio wake. Mbele kuna mpera wenye ndege wasiojua kunyamaza, na juu kuna bati linalolia tik, tik jua likipanda. Kwa sauti hizo tu alikuwa anatembea uani bila fimbo na kukuambia umevaa viatu vipya. Aliishi hapo peke yake tangu Baba afariki na hakutaka kusikia habari ya kuhama.

Kisha akaanguka. Mara ya kwanza tukanyamaza. Mara ya pili aliteleza kwenye ngazi ya kibaraza, akalala chini pembeni ya kiti chake, na jirani ndiye aliyemkuta alipokuja kuomba chumvi. Mama alituambia alikuwa ndiyo kwanza ameanguka, hata vumbi halijatulia. Nyonga iliuma, haikuvunjika. Mimi nililia kwa hasira, nikamwambia safari hii anakuja kwangu, atake asitake. Akakubali mwezi mmoja tu, ukiisha anarudi kwake, na mwenye neno aliseme sasa. Hakuna aliyesema.

Kwangu ni ghorofa ya tatu. Nikampa chumba chenye dirisha kubwa, kitanda kipya, godoro ambalo mimi mwenyewe sijalilalia. Wiki ya pili akaanza kufungasha. Kila siku anaweka kitu kimoja kwenye mkoba wake: leo kitana, kesho mtandio. Nikamuuliza kimemkera nini. Akasema hakijamkera kitu. Nikambana. Ndipo akasema: "Hapa sauti zote zinaingilia dirishani. Sijui niko wapi."

Nilimpigia Usicheke nikamwambia mama yetu anaondoka na safari hii tutamkuta amekufa. Nilisema hivyo hivyo, sikuzunguka. Akasema atamletea Mama ua wake. Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa na maana ya kuurekodi: aurekodi ua kwa maiki mbili, moja kwa kila sikio, Mama akivaa hedifoni asikie bomba liko kushoto na geti liko kulia kama zamani. Akili yake ilikuwa Mama asikilize saa moja kila siku, roho itulie, asahau kurudi. Nikamuuliza anajua nini kuhusu maiki. Akasema sauti ni kama picha tu. Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza.

Alikwenda kwanza duka la vyombo vya muziki. Muuzaji akamvika kilemba cha ukoka, akamwita mtaalamu, akamfungulia kisanduku chenye kitambaa laini ndani kama cha mkufu wa bibi harusi. Mlikuwa na maiki pacha nzuri kweli. Bei yake, kaka yangu angeuza kamera, koti la suti na mimi mwenyewe, na bado angepungukiwa. Akasema atarudi, neno ambalo kila muuza duka duniani anajua maana yake.

Akaazima maiki ya mshereheshaji wa harusi. Akaenda kuitega uani kwa Mama saa nzima, akarudi anatembea kama mtu aliyevua samaki mkubwa. Tukasikiliza. Hakuna bomba, hakuna ndege, hakuna geti. Kilichosikika ni yeye mwenyewe akikohoa wakati wa kuwasha na akikohoa wakati wa kuzima. Tukaipeleka kwa fundi redio, mzee mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akatuambia maiki ya kushika mkononi imetengenezwa isikie mdomo ulio mbele yake na iyapuuze mengine yote. Ukitaka ua mzima unatafuta inayosikia pande zote.

Angeendelea kuuliza, tungepona. Lakini kaka yangu akiambiwa jambo moja anajiona amemaliza chuo. Akapita sokoni akanunua kidude kinachong'aa, kimeandikwa stereo kwa herufi za dhahabu, kina vyavu viwili kama macho ya nzi. Bei nafuu, akasema, na ni mbili ndani ya moja. Fundi redio akasugua vidole upande wa kulia wa kile kidude, kisha kushoto, huku kaka amevaa hedifoni, akamuuliza sauti inatokea wapi. Kaka akasema inatokea katikati. Akasugua tena. Katikati. Fundi akachukua bisibisi akakifungua. Nyuma ya chavu kimoja palikuwa na maiki, nyuma ya cha pili palikuwa na kipande cha sponji. Kaka yangu alikuwa ameingizwa mjini mchana kweupe, tena na risiti akapewa.

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa, na mkoba wa Mama ulikuwa umefika kwenye kandambili.

Nadhani fundi redio alituonea huruma. Akafungua kopo la biskuti lililojaa vidonge vya maiki, vidogo kama vidonge vya malaria, vile vinavyowekwa ndani ya simu na rekoda. Akasema hivi kimoja ni bei ya kikombe cha chai, vinasikia pande zote, na kazi si kununua bali kuchagua. Maiki ya bei rahisi, alisema, hujisikia yenyewe: mahali penye kimya inatoa mvumo wake kama mafuta kikaangoni. Ukipata yenye mvumo mdogo umebahatika, na hapa zinatakiwa mbili, tena zinazofanana, la sivyo sikio moja litakuwa uani na jingine jikoni. Basi inabidi kuvijaribu kimoja kimoja mahali pasipo na sauti kabisa.

Mahali hapo, jamani, palikuwa kabati langu la nguo za wateja. Kaka alisema nguo zinakunywa sauti. Siku nzima yeye na yule mzee wamekaa ndani ya kabati, milango imefungwa, wanasikiliza vidonge kumi na viwili. Mteja wangu wa heshima, mke wa mwalimu mkuu, akaja kujaribu gauni lake. Nikajitia hamnazo, nikamwambia asubiri nilitoe. Akasema ataliona mwenyewe, akafungua kabati, akakuta wanaume wawili wametokwa na jasho katikati ya magauni, na mmoja akaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze. Huyo mteja sasa anashonesha kwingine.

Vikapatikana viwili. Fundi akavilehemu kwenye nyaya ndefu na kutuazima rekoda yake ya zamani. Ukabaki upepo. Kumbe upepo ambao wewe unaona unakupapasa tu, kwenye maiki unanguruma kama lori linapanda mlima, na dawa yake ni kuivika manyoya. Ya dukani yalikuwa ghali kuliko maiki zenyewe. Kaka akatazama huku na huku nyumbani kwake, na macho yakatua kwenye ndala za manyoya za wifi, za waridi, zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Alizikata pua zote mbili. Wifi hakumsemesha siku tatu, na mimi nilikuwa upande wa wifi.

Siku mbili kabla ya mwezi kuisha akaja dukani kwangu akaning'oa kichwa cha sanamu. Ninalo sanamu moja la kuvalisha magauni, la kike, lina shingo ndefu na dharau. Akasema maiki lazima zikae kwa upana wa kichwa cha mtu, pale pale masikio yanapokaa, na kati yake pawe na kitu kigumu, ndipo Mama atasikia kama aketiye mwenyewe. Nikasema kichwa hicho ndicho kinachoniuzia magauni. Alikuwa ameshakiweka kwapani.

Kesho yake nilimsindikiza, maana sikumwamini tena. Asubuhi tulivu, jua la kwanza, ua umefagiwa na upepo tu. Akakiweka kile kichwa kwenye kiti cha Mama juu ya mito mpaka kikafika kimo chake, kikitazama mperani. Akabandika maiki masikioni, akaviringa mtandio wa Mama kushikilia nyaya, manyoya ya waridi yakatokeza kila upande. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akasogea tena akakiinua kidevu. Nusura akiambie kisicheke. Akatoa peni ya wino mzito, akasimama mbele ya kile kichwa, akaandika kwenye kila waya: kushoto, kulia, kisha akazichomeka kwenye rekoda kwa kufuata maandishi hayo. Mimi niko pale pale, nimeona kwa macho yangu haya, na sikuwaza lolote.

Tukajifungia ndani. Akanikataza kuongea, kukohoa na kukuna. Dakika kama thelathini hivi zikapita, vizuri kabisa, ndipo geti likalia. Alikuwa jirani, yule wa chumvi. Kwa mbali aliona mtandio wa Mama kwenye kiti cha Mama.

Akasalimia. Akasema shikamoo Mama, jamani umerudi bila hata kunipasha habari. Kimya. Akasalimia tena, kwa sauti ya unyonge sasa, akauliza kama amemkosea nini, maana yeye ndiye aliyemwokota. Nilimtazama kaka nikitaka kutoka. Akanishika mkono, anatikisa kichwa, rekoda inaendelea. Jirani akasogea mpaka kibarazani kuomba radhi kwa kosa asilolijua, akainama, akakutana na uso wa sanamu langu. Yowe alilopiga liliwanyamazisha ndege wote wa mpera. Tukamkalisha, tukampa maji, tukamweleza. Alisema alidhani Mama amekauka kwa majonzi.

Kaka alitaka turudie kesho. Nikamkumbusha kesho ndiyo siku yenyewe. Kukata kipande hajui. Basi ikabaki hivyo, na yowe ndani.

Kesho yake Mama ameketi dirishani, amevaa viatu, mkoba umefungwa miguuni. Usicheke akapiga magoti mbele yake kama anayeposa. Akamwambia, Mama, kabla hujaondoka sikiliza kitu hiki, akamvika hedifoni, akabonyeza.

Uso wa Mama ukafunguka. Nakwambia ukweli, niliona miaka kumi inamtoka. Akainua mkono wake wa kushoto polepole, kama alivyokuwa akifanya kule akitafuta ukingo wa pipa. Kisha mkono ukasita, na uso ukakunjika.

"Nani amelihamisha bomba?" akauliza.

Kaka akasema hakuna. Mama akasikiliza tena. Akasema bomba liko getini na geti liko bombani. Akafika kwenye sauti ya jirani, akashangaa huyu naye ameingilia wapi, ametokea ndani ya pipa. Akavua hedifoni akaziweka mapajani. Kwa upole, na upole wa Mama ndio mbaya, akasema anamshukuru sana kijana wake lakini huko si kwake, na sasa tumteremshe ngazi.

Usicheke alinywea mpaka nikamwogopea. Mtu mzima, mvi kichwani, amepiga magoti na machozi yanamdondoka kwenye zile nyaya za maiki zilizobaki kwenye rekoda. Nami nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni, nikainua macho nisimtazame, na macho yakaangukia ukutani, kwenye picha ya harusi yangu. Mimi kule, mume wangu huko, na nafasi ya baiskeli katikati.

Nikazitazama nyaya. Kushoto, kulia, kwa mwandiko wake. Aliandika akiwa amesimama mbele. Alimpiga picha mama yetu.

Nikazinyakua hedifoni, nikazigeuza, nikamrudishia Mama kichwani, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Nikamwambia kaka abonyeze tena toka mwanzo na asifungue mdomo.

Mkono wa kushoto ukainuka, ukakaa hewani, ukatulia. "Ehee," Mama akasema. Akageuza uso kulia kidogo, kulikokuwa na geti. Akainua kidevu kulisikiliza bati. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Jirani alipofika na shikamoo yake Mama aliitikia marahaba mwanangu kwa sauti kubwa, na yowe lilipokuja alicheka mpaka akashika ubavu, akasema huyu naye kwa kelele. Kaka yangu naye akacheka, meno yote nje.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuona mkoba. Ilinijia kama maji ya baridi kwamba tumejimaliza wenyewe: tulitaka asahau, na tumemletea kila kitu mpaka masikioni. Sasa hakuna wa kumzuia. Nikaanza hata kumtafuta kwenye simu mwenye teksi, kwa sababu nikikasirika huwa nafanya haraka lile nisilolitaka.

Baada ya yowe, rekodi iliendelea kidogo. Tulikuwa tumempeleka jirani kwake na tukasahau kuzima. Bomba, bati, bomba, bati. Mama aliacha kucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni, akazikunja vizuri.

"Siku ile niliyoanguka nilisikia hivi hivi," akasema. "Bomba hapa, geti pale. Geti halilii."

Kaka akamwambia, lakini Mama, ulisema ulikuwa ndiyo kwanza umeanguka.

"Niliwadanganya. Nililala pale tangu asubuhi mpaka jua likawa upande wa pili wa bati."

Nilikwenda nikaketi chini, nikaweka kichwa changu mapajani mwake pamoja na hedifoni, nikalia, na sikuwa na hasira na mtu yeyote, jambo ambalo kwangu ni nadra. Mama akanipapasa, akauliza nimesuka lini, akasema nimesukwa vibaya. Kisha akanisukuma kwa goti, akaniambia nifungue ule mkoba nitoe kandambili, maana viatu vinambana.

Akamgeukia kaka yangu. Akamwambia, wewe mwenye maarifa, niambie hapa nilipo kushoto kwangu kuna nini. Usicheke, bado amepiga magoti mbele yake, akapangusa pua, akatazama pande zote kwa makini, akasema kushoto kuna mlango.

Mama akanyoosha mkono wa kushoto, akagusa kioo cha dirisha. Akatikisa kichwa. Akamshika kaka yangu bega, akamvuta mpaka akamgeuza, akamkalisha kwenye mkono wa kiti, wote wawili wakitazama upande mmoja.

"Kaa huku kwangu," akasema. "Haya. Anza tena."